"Punguza mawazo": kisa cha dada mbangua korosho wa Mtwara na neno "sawa"

Ukienda hospitali ukasema moyo unadunda, usingizi hakuna, tumbo linasokota, wakakupima presha iko vizuri, sukari iko vizuri, malaria hakuna, mwisho unaambiwa "punguza mawazo". Hiyo kauli nimeisikia kwa watu wengi sana hapa Mtwara wanaokuja kuongea na mimi kwenye kazi yangu ya ushauri nasaha, na sijakutana na hata mmoja ambaye aliambiwa na namna ya kuyapunguza. Anarudi nyumbani na panadol na mawazo yale yale, tena sasa limeongezeka na wazo la kwamba anawaza sana.

Kisa hiki ni cha dada mmoja aliyepitia hapo. Ameniruhusu niandike, vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili asijulikane, na jina sitaji, nitamwita dada tu. Nimechagua cha kwake kwa sababu kinaonyesha jambo ninaloliamini kwa moyo wote na naona watu wanalipotosha: hili zoezi la kuleta akili pale ulipo, sasa hivi, wengine wanaita meditesheni, limeuzwa sana kama dawa ya kujisikia poa. Huyu dada hakusahau shida yake hata moja. Alichopata ni sekunde chache kati ya mtu kumwomba kitu na yeye kujibu, na kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa yanaamuliwa ndani ya hizo sekunde, hicho ni kitu kikubwa mno.

Hali yake ilikuwa hivi. Ana miaka thelathini na kitu, anaishi Mtwara mjini, watoto watatu, mume yupo ila ni dereva wa lori, anakaa njiani kuliko nyumbani kwahiyo maamuzi mengi yanamwangukia yeye. Kazi yake ni kubangua korosho, anakaanga uani, anabangua kwa mkono, anamenya, anafunga vipakti afu vijana wanapeleka stendi kuuzia abiria. Pamoja na hayo yeye na mdogo wake wa kike waliachiwa na marehemu mama yao shamba la mikorosho Tandahimba, siyo kubwa, msimu mzuri linatoa tani moja na kidogo.

Sasa kwa asiyejua mambo ya kusini, Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera kwa asili ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndo mwenye sauti. Hata kama shamba ni la kwenu nyie watoto, mjomba akikohoa mnanyamaza. Na mjomba wa huyu dada siyo mtu mbaya, hilo naomba lieleweke mapema kabisa maana kisa kama hiki watu wanapenda kutafuta shetani. Mama yao alipofariki yeye ndo alisimamia msiba, akamalizia kumsomesha mdogo wake, palizi akikosekana mtu anaenda mwenyewe na jembe. Hiyo ndo inafanya kumwambia "hapana" kuwe kugumu zaidi, maana unamwambia hapana mtu aliyekubeba.

Mwaka 2024 kuanzia mwezi wa sita mambo yakajipanga vibaya. Binti yake mkubwa alikuwa anamaliza darasa la saba na Desemba alitakiwa achezwe unyago pamoja na mabinti wengine wa ukoo, na mjomba alitaka siku ya kuwatoa hao wali, yaani mabinti waliochezwa, iwe ya heshima, spika kubwa, mbuzi, sare za vitenge, wageni kutoka mpaka Newala. Mtaji wa kununulia korosho ghafi za kubangua ulikuwa umekata. Rejesho la kikoba lilikuwa linasogea kila wiki. Hapo mjomba akaja na suluhisho, kuna mtu wake ana hela, atatoa laki nane leo, arudishiwe kilo mia nane msimu ukianza.

Hiyo ndo kangomba na wa huku wanaijua vizuri. Mtu anakupa hela miezi ya njaa, mikorosho ndo kwanza inapulizwa dawa ya salfa, afu ukivuna unamlipa kwa korosho kwa bei aliyopanga yeye. Serikali inakataza, korosho inatakiwa ipite AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, iuzwe mnadani kwa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka mzigo ghalani anapewa risiti afu unauzwa kwa mnada, mfumo ulioanza huku kwetu Mtwara 2007. Lakini mwezi wa saba hela ya msimu uliopita imeisha kila nyumba, na watu hawajasahau 2018 pale minada iliposimama serikali ikasema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, wanajeshi wakaja kubeba mzigo, wakulima kibao wakakaa miezi wanasubiri kuingiziwa hela. Kwahiyo mtu akikuletea taslimu mkononi, na mambo ya makaratasi hana, wewe unamwona mkombozi. Mi siwezi kumlaumu mkulima anayechukua ile hela, njaa haina subira.

Dada alipokuja kwangu hakuja kwa sababu ya kangomba. Alikuja kwa sababu ya moyo. Alisema unaanza kudunda saa tisa usiku, anakaa kitandani anasikiliza watoto wanavyohema na kichwa kinazunguka, binti, mjomba, kikoba, mjomba, bei ya mchele, mjomba. Akaniambia "kichwa changu ni kama stendi basi la Dar likiingia, kila mtu anakimbilia dirishani anapiga kelele na sioni hata nani anauza nini". Sijapata mtu aliyeieleza hiyo hali vizuri kama yeye.

Nilipomwomba anielezee siku mjomba alipoleta hoja ya hela, mwanzo mpaka mwisho, nikagundua hakumbuki katikati. Anakumbuka mjomba kaingia, yeye kamwamkia, kamletea maji, mjomba kaanza kuongea, halafu anakumbuka yeye anasema "sawa mjomba". Katikati hapo hakuna kitu. Nikamuuliza mwili ulikuwa unafanya nini. Hajui. Nikamuuliza ulikuwa unataka kusema nini, akakaa kimya muda mrefu afu akasema "hakuna, mi nilitaka tu aondoke".

Hapo ndo penye kisa chote. Yule dada hakuamua kuuza mazao yake. Alikuwa anatafuta namna ya kuuzima moyo uliokuwa unadunda, na "sawa" ndo swichi ya karibu kuliko zote. Ukisema sawa, mjomba anatabasamu, kelele zinakata, moyo unashuka, kwa dakika tano una amani. Afu saa tisa usiku gharama inakuja. Na alivyozidi kusimulia tukakuta ni hivyo hivyo kwa kila mtu, mwenyekiti wa kikoba alipomwomba awe mdhamini wa mkopo wa mtu asiyemjua vizuri alisema sawa, dada wa mume akitaka mtoto wake aje akae naye, sawa, kijana wa stendi akirudisha hela pungufu, sawa. Watu walimsifia ana moyo mzuri, na kweli anao, ila zile sawa nyingi zilikuwa za hofu.

Kimwili hakuna ajabu hapo. Mtu akihisi tishio mwili unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, pumzi inapanda juu kifuani, misuli inakaza, na mwili hautofautishi vizuri kati ya nyoka na mjomba mwenye hasira. Ukiwa kwenye hali hiyo akili inatafuta njia ya kutoka tu, haihesabu kilo. Kwahiyo kumshauri mtu "kuwa na msimamo" wakati yuko hivyo ni kupoteza muda, msimamo wenyewe atauweka na akili ipi? Lazima kwanza ajue kwamba hali imeanza, na ajue mapema, inapoanza, siyo kesho yake.

Tulianza kwa njia ya kawaida, kaa, fumba macho, fuata pumzi. Kwake haikufaa. Akifumba macho tu anamwona mama yake siku za mwisho wodini, anafungua macho machozi yanatoka na mikono imekuwa ya baridi. Hili ni jambo la kuzingatia sana kwa mtu yeyote anayewafundisha wenzake, maana wapo wengi wana picha zao wamezificha nyuma ya macho, msiba, kipigo, kubakwa, na ukimlazimisha akae kimya afumbe macho unamfungia chumba kimoja na hicho kitu. Tukaacha pale pale. Macho wazi, miguu chini, na kitu cha kushika mkononi.

Na kitu cha kushika alikuwa nacho tayari, kazi yake.

Kwa asiyewahi kubangua, korosho ikishakaangwa ganda linakuwa jeusi na gumu, ndani yake kuna mafuta makali yanayounguza ngozi, ndo maana wabanguaji wanajipaka majivu au mafuta ya kula vidoleni. Unaiweka juu ya jiwe, unaishika kwa vidole viwili, unagonga na kijiti. Ukigonga kidogo haifunguki, ukizidisha kokwa linavunjika vipande. Kokwa zima lina bei yake na kipande kina bei ya chini, kwahiyo faida yote ya mbanguaji iko kwenye ule mkono. Dada amefanya hiyo kazi tangu msichana, mikono inajua yenyewe, kichwa kinakuwa kimeshaenda kwa mjomba zamani.

Tukakubaliana asiongeze kitu chochote kwenye siku yake, hana hata huo muda. Achague fungu moja dogo tu la asubuhi, na kwenye hilo fungu awepo. Asikie jiwe chini, asikie harufu ya moshi, aone mstari wa ganda kabla hajagonga, agonge, aangalie kilichotoka, aweke. Akigundua kichwa kimeondoka asijigombeze, aseme tu kimoyomoyo kimeenda wapi, "nimeenda kwa mjomba", "nimeenda kikoba", arudi kwenye jiwe. Basi. Kurudi ndo zoezi lenyewe. Wengi wanadhani ukitangatanga umefeli wakati ile sekunde ya kugundua umetangatanga ndo misuli inayojengwa.

Aliporudi alikuwa na habari ambayo mi nisingeweza kuibuni. Alisema "nimeona vipande vinatoka lini". Akiwa yupo, kokwa zinatoka nzima mfululizo, afu ghafla zinakuja tatu nne zimevunjika, na akijiuliza alikuwa wapi anakuta alikuwa anagombana na mtu kichwani. Na kabla ya kuvunjika, taya inakuwa imekaza. Kila mara. Taya kwanza, afu pumzi inakata, afu mkono unakuwa mzito, afu kipande. Kwa hiyo bila kitabu wala darasa alikuwa amepata alama yake ya mapema, taya. Nilifurahi mpaka nikasimama.

Naomba nikae hapa kidogo maana ndo uti wa mgongo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, walichapisha utafiti kwenye jarida la Science, walitumia programu ya simu kuwauliza watu wazima 2,250 kwa nyakati za ghafla unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje. Wakakuta karibu asilimia 47 ya muda watu akili zao hazikuwa kwenye wanachofanya, na wakiwa wametangatanga furaha ilikuwa chini, hata waliowaza mambo ya kawaida tu. Wengi wa hao walikuwa Wamarekani, siyo watu wa Tandahimba, lakini rundo la vipande la huyu dada lilikuwa linasema kitu kile kile kwa lugha ya hela. Na utafiti mwingine wa 2007 kule Los Angeles ulionyesha mtu akiitaja hisia kwa jina lake, hasira, hofu, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari inapunguza kelele. Kusema "hii ni hofu" siyo kujifariji, kuna kitu kinafanyika kweli.

Kuna swali aliuliza ambalo watu wa pwani wengi wanalo na wanaona aibu kuuliza. Yeye ni Muislamu anayeswali, akasema hii si ibada ya watu wengine? Nilimjibu kama ninavyojua. Asili ya mazoezi haya ni tafakuri za Wabudha, za kale sana, halafu mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa Kimarekani, akayaingiza kwenye hospitali ya chuo kikuu Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, akaondoa mambo ya dini akaacha zoezi la umakini, programu ya wiki nane, na toka hapo yameingia hospitali nyingi duniani. Nikamwambia kama moyo hauko radhi amuulize ustadhi wake. Akaenda kweli, na jibu alilorudi nalo lilikuwa zuri kuliko langu, ustadhi alimuuliza, kwani ukiswali akili inakuwa wapi? Akamwambia mtu anayejifunza kurudisha akili kwenye jiwe atajifunza kuirudisha na kwenye swala, khushuu, ule utulivu wa moyo kwenye swala, haiji yenyewe. Toka siku hiyo zoezi likawa lake kabisa, akaliongezea kwenye udhu, anasikia maji yanavyopita kwenye kiwiko.

Sasa siku yenyewe. Mjomba alikuja na yule mtu mwenye hela, wote wawili, jioni, bila taarifa, na hela iko kwenye bahasha. Wanaojua hizi biashara wanajua bahasha kuonekana ni sehemu ya mazungumzo. Dada alinisimulia kesho yake na safari hii katikati alikuwa anapakumbuka pote. Kaamkia "shikamoo mjomba", kaweka mkeka, kakaa. Mjomba akaanza, "mwanangu, huyu bwana katoka mbali, hela hii hapa, mwali wetu asije akatolewa kinyonge, usinitie aibu". Akasema taya ikakaza. Akaiona. Akabonyeza nyayo chini kwenye mchanga, mchanga ulikuwa bado wa moto wa jua, akatoa pumzi polepole mpaka ikaisha, na kimoyomoyo akasema hii ni hofu, namwogopa mjomba asinichukie. Na "sawa" ilikuwa mdomoni tayari, anasema aliisikia kabisa imekaa kwenye ulimi. Hakuitoa.

Alichosema ni maneno tuliyokuwa tumeyaandaa na akayarudia sana akiwa anabangua: "Mjomba nimekusikia. Sijakataa na sijakubali. Nitakujibu Jumapili nikishaongea na mdogo wangu."

Mjomba akasema Jumapili ya nini, mi ndo mjomba wako. Yule mtu akaanza kuisogeza bahasha. Akarudia yale yale, sauti ile ile, "nitakujibu Jumapili mjomba". Akasema moyo ulikuwa unadunda kuliko siku zote, hakutulia hata kidogo. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wakijaribu wakaona moyo bado unaenda mbio wanasema haijafanya kazi. Moyo wake ulidunda na akasema alichotaka kusema, vyote kwa wakati mmoja. Mtu akisubiri mpaka atulie ndo aseme hapana atasubiri mpaka korosho ziishe.

Zile siku mpaka Jumapili ndo palipokuwa na kazi ya karatasi, na bila hiyo karatasi naamini zoezi lote lingekuwa bure. Kule Zimbabwe kuna mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, bibi wa mtaani wanakaa benchi na mtu aliyelemewa na mawazo, wanamsikiliza afu wanamsaidia kuchagua tatizo moja na kulifanyia kazi hatua kwa hatua, na utafiti wake uliochapishwa 2016 ulionyesha watu walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mi hapo ndo ninapoegemea. Kumtuliza mtu afu ukamwacha na shida yake pale pale ni nusu ya kazi. Dada na mdogo wake walikaa na daftari. Kilo mia nane kwa laki nane ni shilingi elfu moja kilo. Bei ya mnada ya msimu unaokuja hakuna aliyekuwa anaijua. Wakajiuliza ikianguka sana itafika ngapi, wakaona hata kwa bei mbaya wanazozikumbuka bado elfu moja ni hasara. Wakaandika gharama za unyago kipengele kwa kipengele, wakagundua vitu ambavyo mwali hawezi kukosa, kungwi, chakula, nguo, havifiki hata nusu, vingine vyote ni vya watu kuona. Na wakaona laki mbili wanaweza kuzipata kwa kuuza vitenge viwili vya akiba na sehemu ya mauzo ya stendi bila kugusa shamba.

Jumapili dada akampigia mjomba, akaomba waende wao kwake, wakaenda wote wawili na daftari. Walimsomea. Ile hela hawakuichukua. Mjomba alikasirika, siwezi kuficha, alisema wamekuwa watu wa mjini, na kwa muda mrefu hakuwa anapokea simu zake. Hicho ndo kipindi kigumu kuliko siku ya bahasha, maana saa tisa usiku alirudi kuamka, na sasa wazo lilikuwa jipya, "nimemkosea mjomba". Tulilishughulikia lile lile kwa njia ile ile, akiliona aliite jina, huzuni, aweke mkono tumboni, asikie pumzi, na asubuhi amtumie mjomba salamu hata kama hajibu. Akawa anatuma kila Ijumaa.

Msimu ulipofunguliwa Oktoba 2024 minada ya kwanza bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Korosho za shamba lao waliziuza kupitia AMCOS, na hata baada ya makato walipata zaidi ya mara tatu ya bei ya yule mtu. Watu nikiwasimulia hapa wanapiga makofi na mi hapo ndo huwa nawatuliza. Bei ilipanda kwa sababu zake, haikupanda kwa sababu dada alivuta pumzi. Ingeanguka mpaka 1,500 uamuzi wake ungekuwa bado ni uamuzi mzuri, kwa sababu aliufanya akiwa yupo, akiwa na hesabu yake, na akijua anaogopa nini. Na kuna msimu mwingine hesabu hiyo hiyo ingeweza kumwambia achukue mkopo mahali, na angechukua, na ingekuwa sawa ya kweli.

Unyago ulifanyika Desemba. Ngoma ilipigwa, mbuzi alikuwa mmoja, spika kubwa hazikuwepo. Mjomba alikuja na alikaa mbele.

Tahadhari mbili nisiziache. Moja, nisingethubutu kumfundisha hivi mtu anayepigwa nyumbani au anayetishiwa na mtu wa mkopo kwa panga. Huyo anahitaji kutolewa pale, anahitaji dawati la jinsia polisi, ndugu, mwenyekiti wa mtaa, hofu yake inamwambia ukweli na haitakiwi kutulizwa. Nachukia sana nikisikia mtu anawafundisha wanawake kupumua ili wavumilie. Pili, dada alipimwa kwanza hospitali, na moyo unaodunda usiku lazima upimwe. Kuna utafiti wa Marekani wa watu wazima 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi, ulitoka mwishoni mwa 2022, ulionyesha ile programu ya wiki nane ya Kabat-Zinn ilifanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana na dawa ya wasiwasi inayoitwa escitalopram. Ni habari nzuri, ila wale walikuwa na walimu, na walihudhuria kila wiki na kufanya zoezi nyumbani kila siku. Usimwachishe mtu dawa kwa sababu umesoma kisa cha mbangua korosho.

Kwa sasa usingizi umerudi kwa kiasi, anaamka usiku mmoja mmoja. Kijana wa stendi siku hizi anahesabiwa hela mbele yake. Kwenye kikoba bado. Anasema pale wakikaa mduara wanawake wote wanamwangalia taya haitoi alama yoyote, "sawa" inatoka kabla hajajua, na mwezi uliopita ameshakubali udhamini mwingine. Tunafikiri alama ya pale itakuwa tofauti, pengine ni mikono, maana ameshagundua kwamba kikao kikianza anaanza kuchezea pindo la kanga. Kikao kijacho anaenda kuangalia mikono.